Ng'ambo ya Mto Kei

Msafiri atokaye mji wa East London kwa gari akielekea kaskazini-mashariki, katika lile jimbo la Afrika ya Kusini liitwalo leo Eastern Cape, hupita kwanza katikati ya mashamba mapana yaliyozungushiwa seng'enge, kisha barabara huanza kuteremka kwa mizunguko mikali baina ya vilima vya mishubiri na miiba, mpaka chini kabisa, ambako mto Kei hupita chini ya daraja, maji yake yakiwa na rangi ya udongo. Darajani hapo, kwa muda wa karibu miaka 18, palikuwa na kizuizi, na walinzi, na maofisa wa kugonga mihuri, kwa kuwa ulimwengu ulitakiwa kuamini kwamba ng'ambo ya maji hayo ndipo ilipoanzia dola nyingine, yenye rais wake, bunge lake, jeshi lake na raia wake, na jina lake Transkei. Ulimwengu haukuamini. Hapajapata kutokea serikali hata moja, isipokuwa ile ya Pretoria iliyoizaa na vitegemezi vyake vya baadaye vilivyozaliwa kwa hila ile ile, iliyokubali kuitambua.

Nilivuka daraja hilo katika teksi ya abiria wengi, pamoja na kina mama waliopakata vikapu na vijana waliokuwa wakirudi makwao, wala sikuona hata mmoja aliyegeuza shingo kutazama mahali palipokuwa na kituo cha mpaka. Gari lilipanda ukingo wa pili kwa taabu, na mara nchi ikafunguka mbele yetu: vilima vya majani mafupi vinavyofuatana hadi upeo wa macho, na juu ya kila kilima nyumba za msonge zilizopakwa rangi ya kijani cha maji, kila moja na kiunga chake cha mahindi, na ng'ombe wakipita barabarani bila haraka, dereva akiwangoja kwa subira. Uzuri wa nchi ile ni mkubwa. Walakini jicho la mtu aliyelelewa shambani halikawii kuona jambo la pili, nalo ni makorongo mekundu yaliyochimbwa na mvua katika ardhi iliyobebeshwa watu na mifugo kupita nguvu zake. Upande tuliotoka mashamba yalikuwa mapana na nyumba chache. Upande huu nyumba ni nyingi na mashamba ni vijisehemu. Mvua inyeshayo pande zote mbili ni moja, na waliozitofautisha ni watunga sheria.

Sheria hizo hazikutungwa kwa siku moja. Mwaka 1894 Cecil Rhodes, alipokuwa Waziri Mkuu wa koloni la Cape, alipitisha sheria ya Glen Grey, ambayo iliwapa Waafrika viwanja vidogo vya kurithiwa na mtoto mmoja tu, ili ndugu waliobaki wasiwe na budi kutafuta ujira kwa wazungu. Ikatoza kodi wanaume wasiotoka kwenda kufanya kazi. Na ikawawekea mabaraza ya kuzungumzia barabara na majosho ya ng'ombe, ili wasidai sauti katika Bunge la nchi. Ikafuata Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913, iliyowabakizia Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi kabisa, kiasi cha asilimia 7 ya nchi nzima, na ile ya mwaka 1936 iliyoahidi kuifikisha sehemu hiyo asilimia 13. Hivyo, Makaburu wa chama cha National walipotwaa serikali mwaka 1948, waliikuta nyumba ya dhulma imekwisha jengwa kuta. Kazi iliyowabakia ilikuwa kuiezeka.

Wakaiezeka kwa werevu wa kutisha. Mwaka 1951 waliweka mamlaka za kikabila chini ya machifu wanaolipwa mshahara na serikali, na mwaka 1959 walitangaza kwa sheria kwamba Waafrika wa nchi ile si watu wamoja, bali ni mataifa manane mbalimbali, kila moja na kwao, na kwamba kila taifa litaongozwa mpaka lipate uhuru wake peke yake. Msomaji asidhani kuwa huu ulikuwa ukarimu. Mwaka 1970 ikatoka sheria iliyomfanya kila Mwafrika, apende asipende, kuwa raia wa nchi ya kabila lake, na shabaha yake ilikuwa hii: siku nchi hizo zote zitakapokuwa zimepewa uhuru, hatakuwako tena Mwafrika hata mmoja aliye raia wa Afrika ya Kusini, na kwa hiyo hatakuwako wa kudai kura, wala ardhi, wala haki. Mtu aliyezaliwa Johannesburg, na baba yake akazaliwa huko huko, maadamu lugha ya nyumbani kwao ni Kixhosa, alihesabiwa kuwa mgeni kutoka Transkei, aliyekuja kwa ruhusa na awezaye kurudishwa.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tunawakumbuka manamba, waliochukuliwa kwa mikataba kutoka bara ya mbali kwenda kukata mkonge wa Tanga na Morogoro, wakalala katika makambi, wakalipwa kidogo, na wengi wakarudi makwao wamezeeka kabla ya wakati. Ilikuwa ni dhiki kubwa. Hata hivyo namba hakupata kuambiwa kwamba Tanga ni nchi ya kigeni kwake, na kwamba watoto atakaowazaa huko watakuwa wageni hali kadhalika. Wanaume wa ng'ambo ya Kei, ambao tangu ujana wao walipelekwa kwa mkataba kuchimba dhahabu na makaa ya mawe, waliambiwa hivyo, na jambo hilo likaandikwa katika vipande vyao.

Uhuru ulitolewa usiku wa kuamkia tarehe 26 Oktoba 1976, katika mji wa Umtata, uandikwao siku hizi Mthatha. Ilikuwa ni miezi minne tu tangu watoto wa shule wa Soweto walipopigwa risasi barabarani, tarehe 16 Juni, na moshi wa maasi hayo ulikuwa bado haujatulia. Bendera ya rangi tatu ilipandishwa, nyekundu ya udongo, nyeupe na kijani. Botha Sigcau akawa Rais, na Kaiser Daliwonga Matanzima akawa Waziri Mkuu. Wimbo uliochaguliwa kuwa wimbo wa taifa hilo ulikuwa Nkosi Sikelel' iAfrika. Nakiri kwamba katika yote niliyoyajua juu ya usiku ule, hakuna lililonichoma kuliko hili. Sauti ile aliitunga Enoch Sontonga mwaka 1897. Wazalendo wa Afrika ya Kusini waliifanya wimbo wa mikutano yao kwa miongo mingi. Na Tanganyika, ilipojikomboa mwaka 1961, iliichukua na kuitia maneno ya Kiswahili, ikawa ndiyo Mungu Ibariki Afrika tunayoisimamia mpaka leo. Sauti moja, basi, ilikuwa ikiimbwa Dar es Salaam na watu waliopokea nchi yao, na Umtata na watu waliokuwa wakinyang'anywa ya kwao, na magerezani kwa siri na wale waliozipinga sherehe hizo. Kuchukua dua ya watu na kuifanya muhuri wa kufukuzia watu hao hao ni dhulma ambayo sheria haina jina lake.

Lakini viongozi wa Afrika hawakudanganyika. Mnamo Julai mwaka ule ule, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ukikutana Mauritius, ulikwisha zitaka nchi zote zisiitambue Transkei. Na siku yenyewe ya uhuru, tarehe 26 Oktoba, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuutangaza uhuru huo kuwa ni batili. Kura 134 zilikubali, hakuna iliyokataa, na Marekani peke yake haikupiga upande wowote. Wa kusifiwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Lesotho. Nchi hiyo ndogo imezungukwa na Afrika ya Kusini pande zote, na vituo vyake vya mpaka vya kusini-mashariki viliangukia upande wa Transkei. Vikafungwa, ili Wabasotho, walionunua chakula na kuuza mifugo kupitia huko, washikwe na shida mpaka serikali yao ikubali kuzungumza na Umtata kama dola kwa dola. Lesotho ilikataa. Baraza la Usalama, kwa azimio lake la tarehe 22 Desemba 1976, liliisifu kwa uamuzi huo na kuziomba nchi nyingine ziisaidie. Ni rahisi kwa aliye mbali kukataa batili. Aliyemo tumboni mwa mwenye nguvu, akakataa, huyo ana fadhila.

Mthatha ni mji wenye pilikapilika nyingi, wachuuzi wamejaa kando ya njia, na foleni ya magari haikatiki tangu asubuhi hadi magharibi. Katikati yake limesimama jengo la Bunga, lenye nguzo na adhama ya mabaraza ya kikoloni, ambamo machifu na mahakimu walikuwa wakikutana zamani, na ambamo baadaye wabunge wa Transkei walikaa. Mnamo Februari mwaka 2000 pakafunguliwa humo makumbusho ya Nelson Mandela, naye ni mzaliwa wa nchi hii hasa, maana alizaliwa Mvezo na kukulia Qunu, mwendo mfupi kutoka mjini. Mtu anaweza kudhani kwamba kwa mabadiliko hayo mambo yamekwisha jibika. Kwangu mimi yalizusha swali, kwa kuwa Mandela na Matanzima walikuwa ndugu wa ukoo mmoja wa kifalme wa Wathembu. Kwa hesabu ya ukoo Matanzima alikuwa mpwa wa Mandela, na walisoma pamoja katika chuo cha Fort Hare, wakipendana. Mmoja akaenda Robben Island na wa pili akaenda Ikulu ya Umtata.

Wako wamwitao Matanzima kibaraka, na wakishasema hivyo huona wamemaliza. Naona hawajamaliza. Alikuwa mwanasheria, mwenye kiburi na akili, na aliamini, au alijiaminisha, kwamba kipande cha ardhi chenye bendera ni bora kuliko ardhi yote isiyo na chochote. Na mwaka 1978, wilaya za East Griqualand alizozidai zilipopewa Natal, alithubutu hata kuvunja uhusiano wa kibalozi na Pretoria, yaani na serikali pekee, ukiacha vitegemezi vyake, iliyomtambua. Lakini asili ya mamlaka yake ilikuwa mbovu. Katika uchaguzi wa mwaka 1963 wananchi waliruhusiwa kuchagua wajumbe 45 tu, na viti 64 vilikaliwa na machifu kwa nafasi zao. Wengi wa wajumbe waliochaguliwa na watu walimfuata Victor Poto, aliyetaka nchi moja ya watu wa rangi zote, ilhali Matanzima alipata uongozi kwa kura za machifu, ambao mshahara wao ulitoka Pretoria. Mtawala aliyewekwa na walipwaji dhidi ya matakwa ya watu hana pa kujificha ila nyuma ya polisi. Amri ya hatari ya mwaka 1960, iliyoruhusu watu kutiwa kizuizini bila mashtaka na kukataza mikutano isiyo na kibali, ilidumishwa katika utawala wake kama nguzo ya nyumba.

Aliyeonja uchungu wake kuliko wengine ni Sabata Dalindyebo, Mfalme wa Wathembu, mwenyewe wa kiti ambacho Matanzima alikionea wivu. Sabata alipinga tangu mwanzo mpango wa Bantustani, yaani wa hizo nchi za kikabila, akashtakiwa kwa kumvunjia heshima Matanzima, aliyekuwa Rais wakati huo, akakimbilia Zambia mwaka 1980, na mwaka 1986 akafia ugenini. Maiti yake iliporudishwa, serikali iliwapokonya wafiwa, ikaizika pasipo taadhima ya kifalme. Msomaji aliyelelewa katika desturi zetu za maziko hahitaji kuelezwa ubaya wa tendo hilo. Mwaka uliofuata utawala wa akina Matanzima, Kaiser na nduguye George, uliporomoka kwa tuhuma za rushwa, na tarehe 30 Desemba 1987 Meja Jenerali Bantu Holomisa alitwaa madaraka. Yeye ndiye aliyeruhusu, mwaka 1989, Sabata afukuliwe na kuzikwa upya kwa heshima yake, mbele ya umati mkubwa ambao haukuwa umeonekana nchini humo kwa miaka mingi. Na vyama vilivyopigwa marufuku vikaanza kupumua Transkei kabla havijapumua Pretoria. Tarehe 27 Aprili 1994, siku ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote, dola ile ilifutika kisheria.

Kutoka Mthatha nilikwenda Pondoland, kwa kuwa nilitaka kukiona kilima cha Ngquza, kilichoko baina ya Lusikisiki na Flagstaff. Huko ndiko wakulima wa Kimpondo walikokutana mwaka 1960 kukataa mamlaka za kikabila, na kodi zilizoongezwa, na mpango wa kuwahamisha katika vijiji vya mistari na kupunguza ng'ombe wao. Tarehe 6 Juni, watu walipokuwa wamekaa kikao, ndege zilipita juu zikaangusha mabomu ya machozi, na polisi waliotokea pande za kilima wakapiga risasi. Watu 11 waliuawa. Maasi yaliendelea kwa miezi kadhaa mpaka jeshi likaletwa. Maelfu walikamatwa, na wengine wakapelekwa Pretoria kunyongwa. Chifu mkuu ambaye wakulima hao walimkataa, kwa kuwa aliukubali mpango wa serikali, ndiye Botha Sigcau, aliyefanywa Rais wa kwanza wa Transkei miaka 16 baadaye. Ukitaka kujua uhuru ule ulikuwa wa nani, unatosha ushahidi huo.

Kilima chenyewe ni cha kawaida kukitazama, kina majani na upepo, na pana kumbukumbu ya waliokufa. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani, aliyekuwa mtoto mchungaji wakati ule, alinipokea kwake, nami nikamwita Tata, kama wamwitavyo watu wote wa pale. Alisema Kiingereza cha migodini, na pale kilipompungukia mjukuu wake alitufasiria. Alikuwa amefanya kazi Welkom, katika dhahabu, tangu hajaoa mpaka kifua kilipomkataa. Alimtuma mjukuu ndani, akaja na mkebe wa biskuti, na ndani ya mkebe, chini ya stakabadhi za mshahara zilizofungwa kwa uzi, mlikuwamo hati ya kusafiria ya Transkei. Niliifungua kwa uangalifu kwa sababu mshono wake ulikuwa umeachia. Ilikuwa na picha ya kijana mwembamba aliyefunga tai, na kurasa nyingi zilizokuwa tupu kabisa, ambazo zilikusudiwa viza za mataifa; mihuri iliyokuwamo yote ilikuwa ya mpakani, kutoka na kuingia, kutoka na kuingia, mkataba baada ya mkataba. "Waliniambia kwa hiki ninaweza kwenda popote duniani," alisema, "nikaenda Welkom."

Alipojua kwamba natoka Tanzania alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza habari za Morogoro. Alilitaja jina hilo kwa matamshi safi, maana si geni katika nchi ile: Oliver Tambo, aliyezaliwa Nkantolo karibu na Bizana, upande wa pili wa vilima vile vile, ndiye aliyekiongoza chama cha African National Congress uhamishoni, na Morogoro ndipo chama hicho kilipofanya mkutano wake mkuu wa mwaka 1969. Nilimweleza kuhusu Mazimbu, palipojengwa shule ya vijana waliokimbia baada ya Soweto, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, na kuhusu Dakawa, walikokaa wenzao. Kwamba shule ile ilikabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1992 na sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Na kwamba yako makaburi. Akauliza kama makaburi hayo yana majina. Nikamwambia yana majina. Akasema katika kata yao ziko nyumba mbili ambazo vijana wao waliondoka mwishoni mwa miaka ya sabini, wakipita kwa miguu kuelekea Lesotho, wala hazijapata habari tangu hapo. Na kwamba mmoja wa mama zao yu hai.

Nasema haya kwa sababu nimesikia kwetu watu wakizungumza juu ya Transkei kana kwamba ilikuwa ni kichekesho cha Makaburu, nchi ya bandia ambayo ulimwengu uliikataa na kwa kukataliwa ikaisha. Nchi ilikuwa ya bandia, kweli, na kuikataa ilikuwa haki na wajibu. Watu wake hawakuwa wa bandia. Ilipotungwa walinyang'anywa uraia, na ilipokataliwa hati zao zikawa hazina maana mbele ya lango lolote, na wale waliokataa kuwa raia wake ndio waliokuja kwetu, wakala ugali wetu, wakaoa na kuolewa kwetu, na baadhi yao wamelala katika ardhi yetu. Dola isiyotambuliwa haikuacha ubalozi, wala masijala ambayo mama wa Lusikisiki anaweza kwenda kuuliza.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wa Mazimbu, Dakawa, Kongwa na Dar es Salaam, na hasa wazee ambao walikuwa walimu, wauguzi, madereva, wapishi na majirani wa wageni wale. Wengi wao waliishi kwa majina ya kupanga kwa ajili ya usalama, na jina la kupanga halimfikishi mtu kwao. Kama unakumbuka jina la kweli la mmoja wao, au wilaya aliyosema anatoka, au ukoo aliojitaja nao, liandike leo katika karatasi pamoja na mwaka uliomjua, na ulipeleke kwenye ubalozi wa Afrika ya Kusini mjini Dar es Salaam au kwa chuo kilichoirithi shule ile.